Wimbo wa Neema na Ukweli wa Mtunzi Wake

Kuna habari inayosimuliwa sana makanisani kabla ya kuimbwa ule wimbo wa John Newton uitwao "Amazing Grace", ambao kwetu huimbwa kwa tafsiri zaidi ya moja. Habari yenyewe ni hii: Newton alikuwa nahodha wa meli ya watumwa. Siku moja dhoruba iliipiga meli yake katikati ya bahari, akamlilia Mungu, akaokoka. Papo hapo akaigeuza meli, akawarudisha Waafrika makwao, akaiacha biashara ile kabisa, kisha akaketi akaandika wimbo. Wengine huongeza kwamba hata tuni aliipata kwa watumwa wenyewe, waliokuwa wakiomboleza chini ya sitaha.

Ni habari tamu, na wanaoisimulia hawana nia mbaya. Waliipokea kwa wengine nao wanaipokeza. Lakini karibu kila kipande chake si kweli. Na kwa kuwa wimbo huu tunauimba mbele za Mungu wa kweli, tena ni wimbo wa mtu aliyesema kwamba alikuwa kipofu naye sasa anaona, inafaa tujue alianza kuona lini, na aliona nini.

Newton alizaliwa London mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha. Mama yake, mwanamke mcha Mungu aliyemfundisha Maandiko na tenzi tangu utotoni, alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka saba. Ujana wake ulikuwa wa vurugu. Alikamatwa akatiwa kwa nguvu katika jeshi la majini la Uingereza, akatoroka, akashikwa na kuchapwa viboko mbele ya mabaharia wenzake. Baadaye akahamishiwa meli ya biashara iliyokuwa ikienda Afrika Magharibi. Huko, katika pwani ya nchi tunayoiita leo Sierra Leone, alimtumikia Mzungu mmoja mfanyabiashara ya watumwa, na mke wa bwana huyo, mwanamke Mwafrika, akamtesa kwa njaa na dharau. Mateso hayo aliyakumbuka hadi uzeeni.

Dhoruba ilikuwapo kweli. Ilikuwa mwezi Machi 1748, naye alikuwa kijana wa miaka 22 akirudishwa kwao katika meli iitwayo Greyhound. Hakuwa nahodha wake. Wala meli ile haikubeba watumwa. Ilibeba pembe za ndovu, nta, dhahabu na mbao za kutengenezea rangi. Upande wa meli ulibomoka, maji yakaingia, mabaharia wakapiga pampu usiku na mchana. Newton alishtuka alipojisikia akitaja rehema za Bwana, yeye aliyekuwa hodari wa kukufuru kuliko wote melini. Majuma kadhaa baadaye walifika pwani ya Ireland, chakula kikiwa kimekwisha. Siku ile ya dhoruba aliiadhimisha kila mwaka kwa maombi mpaka uzeeni.

Basi hapo ndipo habari yetu ingetaka kumalizikia. Lakini angalia alichofanya baada ya hapo. Mwaka uleule wa 1748 aliondoka Liverpool akiwa msaidizi wa nahodha katika meli iitwayo Brownlow, na meli ile ilikwenda Afrika kununua watu. Mwaka 1750, akiwa ameoa miezi michache tu, akapewa unahodha wa meli Duke of Argyle, kazi ikiwa ileile. Kisha akafanya safari nyingine mbili katika meli iitwayo African. Kwa jumla ni safari nne za watumwa, tatu kati yake yeye akiwa ndiye mkuu wa meli, na zote zilifanyika baada ya dhoruba.

Daftari lake la safari hizo lingalipo. Ameandika humo hali ya upepo, bei za watu, idadi yao, na waliokufa. Waliokufa aliwaandika kwa namba, kwa kuwa majina yao hakuyajua wala hakuyauliza. Katika safari moja ya meli African aligundua kwamba wafungwa walikuwa wakipanga kuasi. Akaandika kwamba baadhi ya wavulana aliwatia minyororo na kuwabana vidole gumba kwa vyuma ili waseme yote. Na siku ya Bwana ilipofika, nahodha huyohuyo aliwakusanya mabaharia wake akawaongoza katika ibada, mara mbili kila Jumapili. Alisoma Biblia. Alimwandikia mkewe barua ndefu za upendo zenye kumshukuru Mungu. Watu walikuwa chini ya sitaha, hatua chache kutoka mezani pake.

Msomaji asidhani kwamba nayasema haya ili kumvunjia heshima. Mambo haya tunayajua kwa sababu yeye mwenyewe aliyaandika, na mengine aliyachapisha akiwa hai. Nitafika huko.

Aliacha bahari mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa. Alikuwa karibu kusafiri tena alipoanguka ghafla nyumbani na kupoteza fahamu, na waganga wakamshauri asiende. Hapakuwa na maono wala sauti kutoka mbinguni iliyomwambia kwamba biashara ile ni dhambi. Akapata kazi ya ukaguzi wa forodha bandarini Liverpool, akajifunza Kigiriki na Kiebrania, akasikiliza wahubiri wa uamsho. Mwaka 1764 alibarikiwa kuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, akapelekwa Olney, mji mdogo wa watu maskini waliopata riziki kwa kufuma lesi.

Mwaka uleule alitoa kitabu cha maisha yake, kikasomwa sana. Ndani yake kuna sentensi ambayo wasimuliaji wetu wangeisoma habari ingekuwa nyingine kabisa. Akiitazama dhoruba ya 1748, Newton anasema kwamba hawezi kujihesabu kuwa alikuwa mwamini wakati ule, kwa maana kamili ya neno hilo. Hilo lilikuja muda mrefu baadaye. Mtu ambaye ushuhuda wake ungeweza kupendeza zaidi kwa kukatwa kidogo tu hakuukata. Wengine wangesema, "Usiku ule niliokoka," wakanyamaza. Yeye alisema kwamba usiku ule alianza kuomba, na safari ilikuwa bado ndefu.

Katika kitabu hicho anataja pia kwamba kazi ya watumwa ilimchosha moyo, kwani alijiona kama mlinzi wa gereza aliyezungukwa na minyororo na pingu, akamwomba Mungu ampe kazi nyingine yenye utu zaidi. Lakini hakusema ni dhambi. Alisema ni kazi isiyopendeza. Tofauti ya maneno hayo mawili ilimchukua zaidi ya miaka 20 kuivuka.

Sasa tuje kwenye wimbo. Olney palikuwa na mikutano ya maombi katikati ya juma, mbali na ibada ya Jumapili, na Newton alizoea kuitungia mikutano hiyo tenzi. Aliandika kwa ajili ya wafuma lesi na wakulima. Baadaye alieleza katika dibaji ya kitabu chake kwamba tenzi za kuimbwa na watu wa kawaida ziwe wazi na nyepesi, na mapambo ya ushairi yatumike kwa kiasi. Akaongeza, kwa unyenyekevu wenye ucheshi kidogo, kwamba kipaji chake ni cha wastani, na kama kinawafaa walio dhaifu bila kuwachukiza sana wenye elimu, anatosheka.

Tarehe 1 Januari 1773 alihubiri juu ya 1 Nyakati 17:16-17, mahali ambapo mfalme Daudi anaketi mbele za Bwana na kushangaa kwamba ametolewa mbali na kufikishwa hapo alipo. Wimbo aliouandaa kwa somo hilo ndio huu tunaouimba. Kitabuni hakuupa jina tunalolijua. Kichwa chake kilihusu imani inayotazama nyuma na kutazamia mbele. Ukiusoma pamoja na sura ile ya Nyakati utaona unafuata nyayo za Daudi: nilikotoka, nilipo, ninakokwenda. Mtunzi anajiita mnyonge aliyepotea. Lakini hakuna neno moja juu ya Afrika, wala meli, wala watumwa. Sisi ndio tunaosoma hayo ndani ya neno "mnyonge", kwa sababu tunajua yaliyofuata. Yeye mwenyewe mwaka 1773 alikuwa bado hajasema hadharani kwamba biashara ile ilikuwa uovu.

Je, basi wimbo huo ni wa uongo? Wapo wanaosema hivyo, kwamba ni mtu aliyejisifia kusamehewa kabla ya kutaja kosa lenyewe. Mimi sioni hivyo. Wimbo hauwezi kuungama kile ambacho mwimbaji hajakiona. Newton aliandika kadiri ya nuru aliyokuwa nayo, na alijua dhambi nyingine nyingi za kuungama. Kosa lingekuwa kujifanya ameona zaidi. Na hapo ndipo sisi tunapomkosea, tunapoweka mdomoni mwake mwaka 1748 toba aliyoifikia mwaka 1788. Tunadhani tunamtukuza Mungu kwa kuifanya neema iende haraka. Lakini neema iliyomvumilia mtu miaka 40, ikimfungua jicho moja kisha la pili, si ndogo kuliko ile ya hadithi. Tena ndiyo ile ambayo wengi wetu tumeionja.

Na ule ubeti wa mwisho, unaosema juu ya miaka elfu kumi mbinguni, si wa Newton. Ulitoka katika wimbo mwingine, ukaonekana umeunganishwa na huu katika riwaya ya Harriet Beecher Stowe, "Uncle Tom's Cabin", ya mwaka 1852, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 mchapishaji wa nyimbo Edwin Excell akauweka mahali pa beti tatu za mwisho za Newton. Beti hizo za kale zilisema juu ya kufa kwa mwili na kukoma kwa dunia, na huenda wachapishaji waliona hazichangamshi. Tuni nayo ni ya Marekani. Mwaka 1835 William Walker aliiunganisha na maneno hayo katika kitabu chake "The Southern Harmony". Newton alikuwa amefariki miaka 28 kabla yake, kwa hiyo tuni ambayo sisi hatuwezi kuutenganisha nayo wimbo wake, yeye hakuisikia hata siku moja. Na hakuna ushahidi wowote kwamba ilitoka chini ya sitaha ya meli.

Hapa nitamtaja John Wesley kidogo, maana mwaka 1779, mwaka uleule kitabu cha Newton kilipotoka, yeye alikuwa anaandika dibaji ya kitabu chake cha tenzi. Alilalamika juu ya watu wanaozichukua nyimbo zake na za ndugu yake Charles na kuzichapisha upya. Kuzichapisha si neno, alisema, ila wasizitengeneze, kwa sababu hawawezi. Na kama ni lazima wazibadilishe, basi maneno ya asili yawekwe pembeni au chini ya ukurasa, ili yeye na nduguye wasibebeshwe upuuzi wa watu wengine. Alikuwa mzee wa miaka 76 na hakuwa na haja ya kupamba maneno. Ningependa dibaji ile isomwe kwa walimu wetu wa kwaya angalau mara moja kwa mwaka, hasa kabla ya kurekodi. Tumezoea kuona wimbo wa kwaya ya usharika mwingine ukibadilishwa neno moja au mawili, ukatolewa kwenye albamu, na penye jina la mtunzi pakaandikwa jina la aliyebadilisha, au pakaachwa wazi. Tukiulizwa tunajibu kwamba wimbo ni wa Bwana. Ni kweli ni wa Bwana, ila amri ya nane nayo ni yake.

Lakini sehemu ya habari hii inayonigusa kuliko zote haimhusu Newton mwenyewe. Inamhusu jirani yake.

William Cowper alikuwa mshairi. Alizaliwa mwaka 1731, akampoteza mama yake akiwa na miaka sita, akasomea sheria. Mwaka 1763, alipokuwa anangojea kuhojiwa kwa ajili ya kazi katika Bunge la Malodi, hofu ilimlemea hata akajaribu kujiua. Akapelekwa St Albans katika nyumba ya daktari Nathaniel Cotton, aliyewatunza wagonjwa wa akili. Huko, akiwa anapata nafuu, aliifungua Biblia akamwamini Kristo. Mwaka 1767 alihamia Olney pamoja na mama mjane, Mary Unwin, aliyemtunza kama mmoja wa jamaa yake. Bustani ya nyumba yao ilikaribiana na ya Newton. Kasisi na mshairi wakawa marafiki wa kila siku, wakienda pamoja kuwatembelea wagonjwa na maskini, wakisali pamoja. Newton akamshawishi watunge pamoja kitabu cha tenzi.

Cowper alikuwa na kipaji kikubwa kuliko Newton, na Newton alilijua hilo. Tenzi zake ni pamoja na ule maarufu wa chemchemi iliyojaa damu, na ule unaosema kwamba njia za Mungu ni za siri. Lakini upo mwingine, alioutunga Desemba 1769 wakati Bi Unwin alipokuwa mgonjwa sana, unaotamani kutembea karibu zaidi na Mungu. Katikati yake anauliza iko wapi ile furaha aliyoijua alipomwona Bwana mara ya kwanza. Anauliza kama mtu aliyeipoteza kweli, na halifichi pengo lililobaki. Kwaya inayopenda ushindi tu haiwezi kuuimba ubeti ule ila kwa kuupitia haraka.

Mwezi Januari 1773, siku chache tu baada ya Newton kuhubiri lile somo la Daudi, ugonjwa ulimrudia Cowper kwa nguvu. Mwezi Februari aliota ndoto, akasikia ndani yake neno lililomwambia kwamba yamekwisha, kwamba ameachwa na Mungu milele. Neno hilo hakuweza kulitoa moyoni tena. Akajaribu kujiua mara nyingine mwaka huohuo. Newton na mkewe walimpokea nyumbani kwao, akakaa zaidi ya mwaka mmoja, na gharama na usumbufu wakavibeba wenyewe. Alipopata nafuu ya mwili, akawa anafuga sungura, anapanda maua, anaandika mashairi yaliyompatia sifa nchi nzima. Lakini ibadani hakurudi. Aliamini kwa akili yake yote kwamba Injili ni kweli kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Na tenzi za kitabu kile hakutunga tena. Hili ndilo ninalotaka tulitazame bila haraka. Alikuwa na ufundi uleule, pengine zaidi. Angeweza kuandika tenzi za furaha zenye vina safi, na hakuna msomaji ambaye angegundua. Kitabu kilikuwa kinamngojea, rafiki yake alikuwa anamngojea. Lakini hakuweza kuandika "nimeokolewa" na mkono uliokuwa unaamini kinyume chake. Ugonjwa ulimdanganya juu ya Mungu. Yeye hakutaka kuwadanganya waimbaji juu yake mwenyewe.

Newton naye angeweza kumsukuma. Angeweza kumwambia, kama tunavyowaambia waimbaji wetu walio na huzuni, "Imba kwa imani, utajisikia vizuri." Badala yake alisubiri. Kazi ilisimama, aliandika baadaye kwamba alikitundika kinubi chake kwa muda, kama wale wa Zaburi ya 137. Hatimaye alikimaliza kitabu peke yake, kikatoka mwaka 1779 kwa jina la "Olney Hymns". Kina tenzi 348. Za Cowper ni kama 67, nyingine zote ni zake. Katika dibaji alieleza kwamba rafiki yake alizuiwa na ugonjwa wa muda mrefu, na kwamba kila utenzi wa rafiki huyo ameuwekea herufi C, ili sifa isimwendee asiyestahili. Angeziacha bila alama hakuna ambaye angelalamika. Cowper asingelalamika hata kidogo. Alikuwa amekata tamaa ya mbinguni, sembuse sifa ya kitabu.

Ile herufi C naiona kuwa moja ya alama za uaminifu zilizo nzuri kuliko zote katika historia ya nyimbo za Kikristo. Ni herufi moja tu juu ya ukurasa. Inasema kwamba huyu aliandika hiki, na kwamba alikuwa mgonjwa, na kwamba hatukumficha. Katika makanisa yetu mtu akianguka katika ugonjwa wa akili mara nyingi jina lake huondolewa kimyakimya katika orodha ya waimbaji, na wimbo wake ukaendelea kuimbwa kana kwamba ulishuka wenyewe. Au husemwa kwamba hakuwa ameokoka vizuri. Biblia haina aibu hiyo. Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, na juu yake pameandikwa jina la mtunzi, Hemani Mwezrahi, ikawekwa katika kitabu cha nyimbo za hekalu pamoja na zile za shangwe.

Mwaka 1780 Newton alihamia London, kanisa la St Mary Woolnoth. Mwishoni mwa mwaka 1785 kijana mbunge, William Wilberforce, alimwendea kwa siri kumwomba ushauri, akitaka kuacha siasa ili amtumikie Mungu. Newton alimshauri abaki bungeni. Miaka michache baadaye Wilberforce na wenzake walianza vita ya kuikomesha biashara ya watumwa, na walihitaji mashahidi waliokuwa wameona kwa macho yao. Newton alikuwa na miaka 62, mhubiri anayeheshimiwa, mtunzi anayejulikana. Kukaa kimya kungekuwa rahisi sana.

Mwaka 1788 akatoa kijitabu juu ya biashara ya watumwa ya Afrika. Anaanza kwa kusema kwamba dhamiri yake inamlazimu kujitia aibu kwa maungamo ya hadharani, ingawa maungamo hayo, hata yakiwa ya kweli namna gani, yamechelewa mno kuzuia au kutengeneza maovu aliyoshiriki. Haombi ahurumiwe. Anaeleza alichokiona: watu wamelazwa safu mbili, moja juu ya nyingine, wamebanana kama vitabu katika rafu. Anasimulia habari ya msaidizi wa nahodha aliyekasirishwa usiku na kilio cha mtoto mchanga, akamnyang'anya mama yake na kumtupa baharini. Anasema kwamba biashara ile haikuwa haki kamwe. Ila kutojali na masilahi vilizuia macho yasiione. Wala rafiki mmoja, katika miaka yote ile, hakumwambia kwamba anafanya vibaya. Kijitabu kilisambazwa kwa wabunge, na mwenyewe akaitwa kutoa ushahidi.

Tangu aache bahari hadi siku ile ilikuwa imepita miaka 34. Tangu wimbo hadi kijitabu, miaka 15. Anayeuimba wimbo bila kukijua kijitabu ameimba nusu ya ushuhuda, na ni ile nusu isiyomgharimu mtu chochote.

Mwaka uleule wa 1788 Cowper, aliyekuwa bado anajiona ameachwa na Mungu, aliandika mashairi ya kuwatetea watumwa, likiwemo moja ambalo anayesema ni Mwafrika aliyetekwa. Tenzi alikuwa amezishindwa, lakini juu ya jambo hili aliweza kusema kwa moyo wote, akasema. Alifariki mwaka 1800, bado yumo katika giza lake. Newton, aliyemwandikia barua miaka yote hiyo bila kuchoka, alihubiri kwa ajili ya kifo chake.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya si ya ng'ambo tu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, miaka 100 kamili baada ya wimbo ule kuimbwa Olney, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale pale pa soko. Freretown karibu na Mombasa na Bagamoyo pia, baadhi ya Wakristo wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa kutoka katika majahazi na misafara. Wao walipoimba juu ya kupotea na kupatikana, walikuwa upande wa pili wa sitaha. Sijui nyimbo nyingi zinazoweza kuimbwa na aliyefunga minyororo na aliyefungwa, kila mmoja akimaanisha jambo lake na wote wakisema kweli. Lakini ili ziwe kweli, aliyefunga lazima aseme kwamba alifunga.

Newton alifariki tarehe 21 Desemba 1807, miezi michache baada ya Bunge la Uingereza kupiga marufuku biashara ile. Maneno ya kuandikwa kwenye kumbukumbu yake aliyatunga mwenyewe. Anajiita kasisi aliyekuwa kafiri na mpotovu zamani, mtumishi wa watumwa huko Afrika, ambaye kwa rehema za Yesu Kristo alihifadhiwa, akasamehewa, akawekwa kuihubiri imani aliyojaribu kuiangamiza. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na kila mara huwa nasimama hapo penye "mtumishi wa watumwa". Anataja miaka ile aliyoteswa yeye pwani ya Sierra Leone. Miaka aliyotesa yeye hakuitaja. Mwaka 1893 mabaki yake yalihamishwa kutoka London na kuzikwa Olney, karibu na kanisa alilolihudumia. Anayetaka kujua kwamba alikuwa nahodha hataona katika maneno yale. Itambidi akitafute kile kijitabu cha 1788.